Kusugua Benchi Marekani au Kutawala Ulaya? Jinsi NBA Ilivyowajenga na Kuwabomoa Madogo wa Ulaya

Machi 1989, jijini Athens. Fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, Real Madrid dhidi ya Caserta ya Italia. Jamaa mmoja kutoka Šibenik, mji mdogo wa pwani ya Kroatia, anafunga pointi 62 peke yake. Sio mechi ya mtaani, ni fainali. Anaitwa Dražen Petrović, ana umri wa miaka 24, na tayari ameshabeba ubingwa wa Ulaya mara mbili na Cibona ya Zagreb. Hakuna beki barani Ulaya anayelala vizuri usiku wa kuamkia mechi yake.

Miezi michache baadaye jamaa huyo huyo yuko Portland, Marekani, amevaa suti ya mazoezi, taulo begani, amekaa benchi. Msimu mzima anapewa wastani wa dakika 12 kwa mechi. Timu inafika fainali ya NBA ya 1990, mfalme wa Ulaya anatazama wenzake wakicheza.

Ni swali linalozunguka kila mwaka, kila dogo wa Ulaya anapoitwa jina lake usiku wa drafti: je, NBA inamkuza mchezaji au inamla? Mashabiki wengi wanajibu haraka kwa kutaja majina makubwa. Giannis, Jokić, Luka, kesi imekwisha. Lakini historia ya miaka karibu 40 inasema jambo gumu zaidi. Kwa kila jina unalolijua, wapo wengine ambao hukuwahi kuwasikia, waliopanda ndege na mabegi mawili, wakarudi kimya kimya.

Waliotangulia walilipa bei

Kabla ya 1989 kwenda NBA ilikuwa kama kuchoma nyuma daraja ulilovukia. Shirikisho la kikapu la dunia, FIBA, lilikuwa halitaki wachezaji wa kulipwa wa NBA kwenye mashindano ya timu za taifa. Ukienda, unaaga jezi ya nchi yako.

Mwaka 1985 Georgi Glouchkov wa Bulgaria alitua Phoenix na kuwa mchezaji wa kwanza kutoka kambi ya nchi za kikomunisti za Ulaya Mashariki kucheza NBA. Alicheza mechi 49, msimu mmoja tu, akaondoka. Mwaka uliofuata Fernando Martín, shujaa wa Real Madrid, akawa Mhispania wa kwanza kuingia ligi hiyo, naye pia Portland. Mechi 24, dakika za kuokoteza, kisha nyumbani. Wahispania hawakumcheka, walimpokea kama mtu aliyefungua mlango hata kama yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kuupita vizuri. Alifariki kwa ajali ya gari Desemba 1989 akiwa na miaka 27.

Hao wawili hawakwenda Marekani wakiwa hawajui mpira. Walikwenda na wakakuta makocha ambao hawakuamini kwamba mtu kutoka Ulaya anaweza kuhimili mikiki ya NBA. Hilo ndilo lilikuwa tatizo la kwanza, na halikuwa la kipaji. Lilikuwa la kuaminiwa.

1989: mlango unafunguka

Aprili 1989, mjini Munich, FIBA ilipiga kura kuruhusu wachezaji wa NBA kwenye mashindano yote. Kura hiyo ndiyo iliyoleta ile Dream Team ya Barcelona 1992. Watu wengi wanaikumbuka kwa hiyo tu. Lakini upande wa pili iliwafungulia Wazungu: sasa unaweza kwenda NBA na bado ukavaa jezi ya taifa lako.

Msimu huo huo wakaingia watano kwa mpigo: Petrović, Vlade Divac na Žarko Paspalj kutoka Yugoslavia, Šarūnas Marčiulionis na Alexander Volkov kutoka Umoja wa Kisovieti. Angalia tofauti zao. Divac alitua Los Angeles, Lakers, ambako gwiji Kareem Abdul-Jabbar alikuwa ndio kwanza amestaafu na nafasi ya mtu mrefu iko wazi. Akapewa dakika, akakua. Marčiulionis alikuta Golden State inayopenda kukimbia, kocha akampenda, na kufikia msimu wa 1991-92 alikuwa anafunga karibu pointi 19 kwa mechi. Paspalj alicheza msimu mmoja San Antonio akarudi Ulaya, ambako aliendelea kuwa mtu hatari kwa miaka mingi.

Watano wote walipita mlango mmoja, na matokeo yakawa tofauti kabisa. Kilichowatofautisha ni nani alikuwa amekaa kwenye nafasi yao siku walipofika.

Kwa Petrović, waliokaa pale walikuwa Clyde Drexler na Terry Porter. Hapo hata ungekuwa wewe ndiye kocha, ungefanyaje?

Benchi lilimfunza nini Petrović?

Hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu, kwa sababu Petrović hakukubali kuoza. Tangu utotoni alikuwa na sifa ya kufika ukumbini kabla ya mtu yeyote na kurusha mamia ya mipira peke yake. Marekani aliongeza kitu ambacho Ulaya ya wakati ule haikukitilia mkazo sana: gym. Alijenga kifua na miguu, akajifunza kukaba watu wenye kasi kuliko yeye, na akabadilisha mchezo wake. Ulaya alikuwa mtu wa kuchezea mpira, kudanganya mabeki, kuchekesha ukumbi. NBA akawa mtu wa kutoka nyuma ya kizuizi, kupokea, kurusha. Mguso mmoja, imeingia.

Januari 1991 Portland ikamwachia aende New Jersey Nets, timu iliyokuwa haina mbele wala nyuma. Na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake. Timu mbovu haina cha kupoteza, inakupa mpira. Msimu wa 1991-92 alicheza mechi zote 82 kwa wastani wa pointi 20.6. Msimu uliofuata 22.3, na akachaguliwa kwenye kikosi cha tatu cha wachezaji bora wa ligi nzima. Kutoka dakika 12 za kuhurumiwa hadi hapo, ndani ya miaka minne.

Juni 7, 1993 alifariki kwa ajali ya gari nchini Ujerumani akitoka kuitumikia timu ya taifa ya Kroatia. Alikuwa na miaka 28. Nets waliistaafisha jezi yake namba 3.

Je, NBA ilimkuza? Ndiyo, lakini kwa masharti. Ilimpa mwili na nidhamu ya ulinzi wakati yuko benchi, halafu ikampa dakika. Bila zile dakika za New Jersey, mwili ule ungebaki wa kupigia picha tu.

Waliofika wakiwa wameiva

Wapo waliochagua njia nyingine: kaa Ulaya, maliza kazi, ndipo uende. Toni Kukoč alichukua ubingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo na Split, 1989 hadi 1991, akapita Italia, ndipo akatua Chicago 1993. Alikwenda kwa ndoto ya kucheza na Michael Jordan, na Jordan akatangaza kustaafu Oktoba ile ile! Jordan aliporudi, Kukoč alikubali kuanzia benchi. Mtu aliyekuwa kila kitu Ulaya akawa mtu wa sita Chicago, akachukua tuzo ya mchezaji bora anayetokea benchi mwaka 1996 na mataji matatu mfululizo. Je, alikua? Kama mshindi, bila shaka. Lakini waliomwona Split watakuambia kwamba Chicago ilitumia sehemu tu ya kile alichokuwa nacho.

Arvydas Sabonis ndiye anayeuma zaidi. Portland ilimchagua 1986 akiwa kijana. Siasa za Kisovieti zikamzuia, majeraha ya kisigino yakammaliza miguu. Alipofika Portland 1995, akitoka kuipa Real Madrid ubingwa wa Ulaya, alikuwa na miaka 30 na anatembea kama mzee. Bado akafunga wastani wa pointi 14.5 na ribaundi 8 msimu wake wa kwanza. Alishindana na madogo kwenye tuzo ya mchezaji chipukizi akiwa na mvi za kimpira. Watu waliomwona pale waliona nusu ya mtu, na nusu hiyo ilitosha.

Dirk, kisha wazimu

Mwaka 1998 dogo mrefu mwembamba kutoka Würzburg, aliyekuwa akicheza daraja la pili Ujerumani, alifunga pointi 33 kwenye mechi ya vijana bora wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani huko San Antonio. Dirk Nowitzki. Akachaguliwa wa tisa, akaishia Dallas. Msimu wa kwanza alikuwa anateseka, pointi 8.2, mabeki wanamsukuma kama mlango. Dallas haikuwa inashinda kitu, kwa hiyo ikaendelea kumwanzisha. Msimu wa pili pointi 17.5. Kilichofuata kinajulikana: mchezaji bora wa ligi 2007, bingwa 2011, misimu 21 na timu moja, pointi 31,560.

Baada ya Dirk, wasaka vipaji wakapata wazimu. Kila ukumbi mdogo wa Ulaya ukajaa watu wenye madaftari wakitafuta Dirk mwingine. Wakawa wanachagua urefu na umri kuliko ushahidi. Na hapo ndipo yakaja ya 2003.

Detroit, yenye nafasi ya pili, ilimchukua Darko Miličić wa Serbia, umri miaka 18, mbele ya Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade. Detroit ilikuwa timu ya ubingwa. Haikuhitaji mtoto wa kumfundisha, ilihitaji kushinda leo. Dogo akacheza mechi 34 msimu ule, chini ya dakika 5 kwa mechi. Akavaa pete ya ubingwa 2004 akiwa amecheza muda mfupi kuliko sinema mbili tatu. Mashabiki walikuwa wanaimba aingizwe mechi ikishaisha, kama kichekesho. Fikiria una miaka 18, hujakaa na wazazi, lugha inakupiga chenga, na ukumbi mzima unashangilia kuingia kwako kwa sababu ina maana mchezo hauna maana tena. Alizunguka timu kadhaa, akamaliza NBA 2012, akarudi Serbia na kugeukia kilimo cha matunda.

Watanzania hawahitaji kuelezwa sana hadithi hii. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam naye alichaguliwa wa pili, na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alishashushwa kwenye ligi ndogo ya maendeleo. Hakupitia Ulaya, lakini somo ni lile lile: namba kubwa ya drafti inakupa hela na presha, haikupi dakika.

Kwa nini benchi la NBA ni hatari kwa dogo?

Hapa kuna mambo ya kiufundi ambayo watu huwa wanayapita.

Kwanza, mechi 82. Timu ya NBA inacheza, inapanda ndege, inacheza tena. Muda wa mazoezi ya nguvu ya timu katikati ya msimu ni mdogo mno. Klabu za Ulaya kwa desturi hufanya mazoezi mara mbili kwa siku. Kwa hiyo NBA shule yako kuu ni mechi yenyewe. Usipocheza mechi, hujaenda shule.

Pili, mchezo wenyewe si ule ule. NBA ni dakika 48, Ulaya ni 40. Mstari wa pointi tatu NBA uko mita 7.24, wa FIBA ni mita 6.75. Na kubwa kuliko yote, NBA beki haruhusiwi kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde 3 bila kuwa anamkaba mtu, ila Ulaya anaweza kujenga nyumba pale. Ndiyo maana Ulaya uwanja umebanana, unahitaji akili na pasi. NBA uwanja umefunguka, unahitaji kasi na uwezo wa kumpita mtu mmoja mmoja. Mchezaji aliyelelewa kwenye pasi tano kabla ya kurusha anaweza kuonekana mzito Marekani, na sio kwamba hajui.

Tatu, kazi unayopewa. Mgeni wa NBA mara nyingi anapewa jukumu moja: simama kona, rusha. Ukifanya hivyo miaka mitatu, mengine yote uliyokuwa unayajua yanapata kutu.

Tuwe wa haki lakini. Ulaya nako sio peponi kwa madogo. Klabu kubwa zinataka kushinda wikiendi hii, ligi nyingine zina kushuka daraja, na kocha wa Ulaya haoni tatizo kumwacha kijana wa miaka 19 benchi mwezi mzima. Wengi waliokimbilia NBA walikuwa wanakimbia benchi la nyumbani.

Waliorudi na kutawala

Ushahidi mzuri zaidi ni wale waliorudi. Vassilis Spanoulis alifunga pointi 22 Ugiriki ilipoifunga Marekani 101-95 kwenye nusu fainali ya dunia 2006 huko Japan. Akaenda Houston moja kwa moja. Mechi 31, pointi 2.7. Akarudi nyumbani, na alichofanya baada ya hapo ni balaa: ubingwa wa EuroLeague 2009 na Panathinaikos, kisha 2012 na 2013 na Olympiacos, na mara zote tatu akawa mchezaji bora wa fainali.

Juan Carlos Navarro alikaa Memphis mwaka mmoja, akafunga karibu pointi 11 kwa mechi, akaona inatosha, akarudi Barcelona kuwa mchezaji bora wa EuroLeague 2009 na bingwa 2010. Sergio Rodríguez alizunguka timu tatu za NBA tangu akiwa kijana, akaenda Real Madrid, akawa mchezaji bora wa EuroLeague 2014.

Halafu kuna drafti ya 2011. Wa sita alikuwa Jan Veselý wa Czech, aliyetoka Partizan ya Belgrade. Wa saba alikuwa Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, aliyepitia Fuenlabrada ya Hispania. Veselý alionekana hasara Washington, akaondoka NBA baada ya misimu mitatu. Akiwa Fenerbahçe akawa bingwa wa Ulaya 2017 na mchezaji bora wa EuroLeague 2019. Biyombo yeye alikubali kazi moja, kuzuia mipira na kugombea ribaundi, na akadumu NBA zaidi ya miaka kumi. Nani alifaulu? Inategemea unapima kwa nini. Mmoja alipata mchezo wake wote, mwingine alipata maisha marefu kwenye ligi ngumu kuliko zote.

Kizazi cha sasa kilijifunza

Sasa watazame wakubwa wa leo kwa jicho hilo. Giannis Antetokounmpo alitoka daraja la pili Ugiriki 2013, akiwa hajaiva hata kidogo. Lakini alitua Milwaukee iliyoshinda mechi 15 na kupoteza 67 msimu ule. Timu mbovu kuliko zote ikampa dakika karibu 25 kwa mechi akiwa anafunga pointi 6.8 tu. Aliruhusiwa kukosea, mpaka akaacha kukosea.

Nikola Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014 na hakuharakisha. Alibaki Serbia msimu mmoja zaidi, akawa mchezaji bora wa ligi ya Adriatic, ndipo akaenda Denver. Luka Dončić alianza kuchezea wakubwa wa Real Madrid akiwa na miaka 16. Alipopanda ndege 2018 alikuwa na ubingwa wa Ulaya wa taifa na Slovenia, ubingwa wa EuroLeague na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano hayo mkononi. NBA ilimpokea mtu mzima mwenye miaka 19.

Kuanzia 2019 hadi 2024, tuzo 5 kati ya 6 za mchezaji bora wa NBA zilikwenda kwa Giannis na Jokić. Mwaka 2023 Ujerumani, ikiongozwa na Dennis Schröder na ndugu wawili wa familia ya Wagner, wote wa NBA, iliitoa Marekani nusu fainali na kuchukua ubingwa wa dunia. Ulaya imepata faida, hilo halina ubishi.

Ila ukichunguza, waliofaulu wana kitu kimoja kati ya viwili. Ama walifika wakiwa wameshaiva, kama Luka, au walitua mahali palipokuwa na subira na dakika, kama Dirk na Giannis. Tony Parker ndiye wa pekee kidogo: aliaminiwa na timu kubwa ya San Antonio akiwa na miaka 19, akaanza kikosi cha kwanza ndani ya wiki chache. Naye alipewa dakika. Ambaye hakuwa na kimoja kati ya hivyo viwili, kipaji peke yake hakikumwokoa.

Kila mwaka usiku wa drafti utaona dogo mrefu amevaa kofia mpya, mama analia kwa furaha, kamishna anampa mkono. Watu wataandika namba aliyochaguliwa. Namba hiyo itasahaulika. Waulize badala yake: timu yake ilishinda mechi ngapi mwaka jana, na nani amekaa kwenye nafasi yake? Petrović alihitaji safari moja tu, kutoka timu ya fainali kwenda timu mbovu, ili dunia imjue. Wengine wenye mikono kama yake walikaa pale pale, taulo begani, wakisubiri kocha ageuke awatazame.